Mlango wa Mwisho wa Bi. Mwanasha

Sogeeni karibu, na mwenye shughuli aimalize kwanza, maana hadithi naisimulia mimi lakini hukumu mtaitoa nyinyi.

Bi. Mwanasha wa Chumbageni, Tanga, alijaliwa watoto watatu. Shekue, wa kwanza, hatupi kitu jalalani. Mwanahawa, wa katikati, hanyamazi. Salha, kitindamimba, hachoki. Mama yao alizoea kuyasema hayo kwa kulalamika, wala hakujua kwamba anataja vipaji.

Marehemu mumewe alikuwa baharia wa meli za mizigo. Safari moja alirudi kutoka Japani na mashine ya gemu, nyekundu na nyeupe, yenye padi mbili za kuchezea na kaseti moja ya mchezo. Mume na mke wakacheza mpaka majirani wakawasema. Walifika mlango wa mwisho wa gemu, ukagoma kufunguka. Kabla hawajaijua siri yake, Shekue, akiwa na miaka tisa, aliichomeka mashine ukutani bila transfoma ya kupunguzia umeme. Ikaungua. Baba akafariki bila kujua kilichokuwa nyuma ya mlango, na lawama zikabaki kwa Shekue. Bi. Mwanasha peke yake ndiye aliyejua kwamba asubuhi ile yeye aliichomoa transfoma akaipeleka jikoni kwa ajili ya redio. Hakuwahi kusema. Mwanzoni aliona haya, kisha miaka ikapita.

Basi Shekue aliitunza ile kaseti miaka thelathini na nne ndani ya kopo la maziwa ya unga, akihama nayo nyumba hadi nyumba. Mkewe alitaka kulitupa kopo mara mbili.

"Mashine niliiunguza, Mama," alisema siku alipomletea kaseti hiyo. "Kaseti ni nzima."

Bi. Mwanasha alishindwa kumtazama.

Salha akaipokea. Alitafuta kifaa cha kuisomea kaseti, akayahamisha yaliyomo kwenye kompyuta, kisha akaweka emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ijifanye ndiyo mashine ile ya Kijapani. Mara picha inakuja bila sauti, mara padi hazisikii, mara kila kitu kinakwenda mbio kama kinafukuzwa. Alikaa nayo Jumapili sita. Jumapili ya saba mama yake akashika padi, na vidole vikakumbuka. Alasiri wakawa mbele ya mlango. Ukagoma vilevile.

Mwanahawa alikuwa amekuja tu kuleta maandazi.

"Padi ya pili si ilikuwa na maikrofoni?" aliuliza. "Nilipokuwa mdogo niliipigia kelele, mlango ukatikisika. Baba akanifukuza sebuleni."

Salha akapekua mipangilio ya emuleta, akaiweka maikrofoni ya kompyuta mahali pa ile ya padi. Mwanahawa akavuta pumzi, akapiga yowe lililowatoa majirani nje. Mlango ukafunguka.

Nyuma yake palikuwa na bustani ndogo tu, na nafasi ya kuandika jina la aliyeufungua. Jina moja. Salha akasema ataichapisha picha ya bustani hiyo pamoja na jina, itundikwe ukutani chini ya picha ya baba yao.

"Andika la Baba," alisema Shekue.

"Baba yenu hakuufungua," Bi. Mwanasha alijibu.

"Mimi nilijua siku zote," alisema Mwanahawa, "nikaambiwa ninyamaze."

"Na Jumapili zangu je, dada?" Salha aliuliza.

Shekue hakudai chochote, na hilo ndilo lililomuumiza mama yake. Bila kaseti kusingekuwa na gemu. Bila emuleta kaseti ni plastiki tu. Bila yowe mlango ungekuwa umefungwa hadi leo. Akimwandika Shekue, atakuwa anamtuza mwanawe au analipia kosa lake mwenyewe? Asipomwandika, atakuwa amemhukumu mara ya pili.

Kidole cha Bi. Mwanasha kiko juu ya kitufe, na watoto wote watatu wanamtazama. Je, wewe ungeandika jina la nani? Na kabla ya kuliandika, ungewaambia nini?