Vyungu vya Pimbi na Pua ya Kifaru

Hapo zamani za kale, enzi zile kifaru akibisha hodi kwa pembe na mlango ukimwangukia mwenye nyumba, Mama Pimbi alilima tumbaku nyuma ya jiwe lake. Yeye mwenyewe hakuivuta wala hakuinusa. Aliipeleka kwa tumbili ng'ambo ya mto, nao wakampa ulezi wa kulisha wanawe kiangazi kizima.

Mwaka uliotangulia hakupata hata punje. Tumbaku ilipokuwa tayari, Kifaru alifika, akaichukua yote, akasema, "Kilima changu, tumbaku yangu." Watoto wa Pimbi wakatafuna magome mpaka mvua ziliponyesha.

Safari hii Pimbi alivuna kimyakimya, akatundika majani pangoni. Jani likiwa kwenye kamba hunuka kama nyasi tu, na Kifaru hakuwa na shida na nyasi. Pimbi akangoja mpaka siku alipokunja uti wa jani ukakatika, ka! Hapo akayashindilia majani kwenye vyungu na kuvifunika ili yavundike.

Sasa tegeni masikio, watoto, maana balaa lenyewe liko hapa. Tumbaku iliyo chunguni lazima ipumue. Kila siku unafungua chungu, joto linatoka, unafunika tena. Usipofungua, majani yanaota ukungu. Ukifungua, harufu inaamka, nayo si ya nyasi tena.

Pimbi alifungua chungu cha kwanza. Harufu ikatoka, ikapanda, ikashika njia.

Du! Du! Du! Vumbi likaanguka kutoka dari la pango. Pimbi akafunika chungu, akakikalia.

"Wewe kipande cha mnyama usiye na mkia!" Kifaru aliguna mlangoni. "Nimesikia harufu ya tumbaku!"

"Tumbaku gani, mzee wangu? Nzige si walikula yote?"

Kifaru akaingiza pua pangoni. Macho yake hayakuona mbali, lakini pua hiyo! Fss! Fss! Ilipita juu ya kichwa cha Pimbi, ikapita juu ya watoto waliojibanza ukutani. Chungu kilikuwa kimefunikwa, na harufu ilikuwa imeshaanza kufifia.

"Nitakaa hapa hapa nje," akasema. "Nikiisikia tena, nitalipindua jiwe hili juu yako na vitoto vyako."

Akaketi. Mgongoni kwake aliketi Shashi, ndege anayekula kupe, ambaye ndiye aliyemsaidia kuona.

Kesho yake Kifaru alikuwa bado pale. Keshokutwa vilevile. Pimbi aligusa chungu, akakuta kina uvuguvugu. Akahamia cha pili. Nacho vilevile.

"Mama, kwani chungu kinaumwa?" mwanawe alinong'ona.

"Kitaumwa kesho. Leo bado tunakiwahi."

Pimbi akachana kamba za mgomba. Akavuta pumzi, akafunua chungu kimoja, akachomoa bumba la majani, akafunika. Akayaviringisha ndani ya kamba, akakaza fundo.

"Tumbaku!" Kifaru alinguruma. Jiwe likatikisika. "Leo ndiyo leo!"

"Nakuja, mzee! Nakuja na dawa yako!"

Pimbi alishatoka, fundo mkononi.

"Dawa gani?"

"Ya kupe, mzee. Nimekuona siku zote hizi unavyojikuna, nikakuonea huruma. Inafungwa kwenye pembe, hapa karibu na pua. Inama kidogo."

Kifaru alikuwa na kupe masikioni, kwenye kwapa na chini ya mkia. Akainama. Pimbi akapanda juu ya pua iliyokuwa inaweza kumponda, akafunga, akakaza kwa meno.

"Lo! Tumbaku! Sasa ndiyo naisikia kabisa!"

"Hata mimi naisikia, mzee. Upepo umegeuka."

Shashi akashuka hadi kichwani, akachungulia fundo. "Bwana, hicho alichokufunga..."

"Ni dawa ya kupe!" Pimbi alimkatiza. "Jioni hutamkuta hata mmoja!"

"Nisimkute hata mmoja? Nami nile nini?" Shashi akasahau alichotaka kusema. "Ifungue! Ifungue haraka!"

"Ahaa!" Kifaru alifoka. "Kumbe siku zote unapenda niumwe!"

"Bwana, nisikilize, humo ndani kuna..."

"Toka! Prrr! Toka mgongoni kwangu!"

Akajitikisa kama mti kwenye kimbunga. Shashi akaruka, akaenda kutafuta nyati, hakurudi.

"Harufu inatoka wapi?" Kifaru akauliza, akizunguka.

"Fuata pua, mzee. Pua yako haijawahi kukudanganya."

Kifaru akaondoka mbio. Kwenye kichuguu, tumbaku! Kwenye kisima, tumbaku! Akachimba, akabomoa, akachanganyikiwa. Pimbi alipanda juu ya jiwe kumtazama, akamwona anaelekea kwa Ngiri. Ngiri alikuwa na macho mazuri.

Pu! Mlango wa Ngiri ukaanguka ndani.

"Toa tumbaku!"

Ngiri alitoka akipangusa vumbi. Akatazama pembe. Jani moja lilikuwa limechomoza kwenye fundo, linapepea.

"Mzee Kifaru, tumbaku mbona ipo hapo kwenye..."

"Nyamaza! Mwongo mkubwa! Nikikuuliza ndipo useme!"

Ngiri akautazama mlango wake uliolala chini.

"Haya, niulize."

"Umeificha wapi?"

"Kwangu haipo, mzee. Labda mbele huko. Mbele kabisa."

Pimbi akateremka. Akafunua vyungu, kimoja baada ya kingine. Joto likatoka. Akapekua majani kwa vidole, akanusa. Hakukuwa na ukungu. Siku hiyo na siku zilizofuata vyungu vilipumua mchana kweupe, na Kifaru akakimbia kilima hadi kilima akiwatuhumu wanyama wote. Tumbaku ikawa ya kahawia, ikalainika, ikavuka mto kwenda kwa tumbili. Ulezi ukarudi.

Kamba ya mgomba ilioza, ikakatika huko porini. Jioni moja Kifaru akaja mlangoni kwa Pimbi, amekonda, kichwa juu.

"Umesikia? Harufu imekwisha nchi nzima! Wameniogopa, wameitupa tumbaku yote!"

Pimbi alimeza tonge la ugali wa ulezi.

"Nani asiyekuogopa, mzee wangu?"

Kifaru akaenda zake, ameridhika.

Mjue, watoto: anayetaka vya wote hutafuta kwa kila mtu, asijitazame mwenyewe.