Mgeni wa Adui Yake

Hapo zamani, katika nchi ya Waafghani, palikuwa na mji mdogo uitwao Sangdara, uliobanwa katikati ya milima miwili, na mji huo ulibadilisha watawala kama watu wanavyobadilisha kanzu. Akija huyu, huamuru wanaume wote wafuge masharubu. Akija yule aliyemfukuza huyu, huamuru masharubu yanyolewe. Na akija wa tatu hukasirika kuwakuta watu wana masharubu upande mmoja, kwa maana vinyozi hawakuwahi kumaliza kazi. Ikawa watu wa Sangdara wamejifunza kushangilia kwanza, kisha ndipo waulize wanamshangilia nani. Na wale waliochoka kushangilia, kila waliposikia mizinga inakaribia, walifunga virago wakavuka mpaka, wakaenda kukaa katika mahema kwenye nchi ya jirani, wakingoja apatikane mtawala wa kudumu japo muda wa kuiva maharagwe.

Basi katika mji huo alikuwepo mtu jina lake Shirindil, mpiga pamba. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na upinde wake mkubwa, akiifumua pamba iliyoshikamana ndani ya mifarishi ambayo watu wa huko hujifunika wakati wa baridi. Lakini wenye mifarishi walikuwa wamekimbia nayo, na waliobaki hawakuwa na cha kufumuliwa, hata Shirindil akawa hana mbele wala nyuma. Watu walimwita mjinga, kwa sababu kila alichoambiwa alikichukua kama kilivyosemwa. Mkewe Mahgul alikimbia na watoto wao wawili, yeye akabaki kulinda nyumba. Na askari walipoichukua nyumba, akahamia banda la kuni, akawa analinda kuni.

Siku moja mchuuzi wa nyumbu alimletea habari kwamba hema la Mahgul limechanika, na Nazo, mtoto wao mdogo, anakohoa. Huko milimani theluji ilikuwa karibu kuanguka, na ikianguka njia ya mpakani hufungwa hadi majira mengine. Shirindil alilia kama mtoto, wala hakujificha. Tangu hapo alikuwa na haja moja tu duniani, nayo ni mkewe na wanawe warudi kabla njia haijafungwa.

Mtawala wa wakati huo alikuwa Amiri Sarbuland, mtu mwenye kilemba kikubwa na subira ndogo. Basi Shirindil akaenda barazani kwake, akapiga magoti, akaomba mkewe aruhusiwe kurudi.

Amiri akasema, "Hao waliokimbia wamenitukana. Mtu hukimbia kitu cha kutisha, basi kwa kukimbia wamenitangaza kwa majirani kuwa mimi natisha. Kwa hiyo nimeamuru kwamba atakayerudi anyongwe, ili wote wajue kuwa sitishi."

Shirindil akajibu, "Nimeelewa, bwana wangu. Lakini mke wangu hakukukimbia wewe. Alikimbia mizinga."

"Na mizinga ilikuwa ya nani?"

"Yako, bwana wangu. Lakini asingeweza kujua, kwa kuwa mizinga ilitangulia, nawe ulikuwa nyuma sana."

Watu wa barazani wakatazama chini, na mmoja akashikwa na kikohozi cha ghafla. Amiri akawa mwekundu, akasema mbele ya wote, "Wewe unapenda sana mpaka. Basi toka katika nchi yangu leo hii, kabla jua halijachwa. Likichwa nawe ungali mahali ambapo mkono wangu unafika, nitakukata kichwa."

Jemadari Torak, mkuu wa askari, akamnong'oneza Amiri kwamba mpaka uko mwendo wa juma zima kwa farasi mzuri, na huyu hana hata kiatu kizuri. Amiri akasema hayo si ya kwake.

Shirindil akauliza, "Mahali popote ambapo mkono wako unafika, bwana wangu?"

"Popote."

"Nami nikiwa mahali usipofika?"

"Hapo salama yako."

Shirindil akashukuru, akatoka. Watu wakamwona anatembea polepole, wakasema maskini, amekwisha pagawa. Naye hakuelekea mpakani. Alizunguka nyuma ya jumba la Amiri, akaingia kwa mlango wa jikoni, akamkuta Bibi Zarmina, mama yake Amiri, anaopoa mikate tanurini; akaanguka miguuni pake, akashika pindo la shela yake na kusema, "Bibi, nimeingia kwako. Naomba hifadhi."

Sasa msomaji ajue kwamba watu wa milima ile wana desturi waiitayo nanawatai. Mtu anayefukuzwa akiingia katika nyumba yoyote na kuomba hifadhi, wenye nyumba watamlinda na adui yake hata kwa damu yao, na mwenye kumtoa mgeni huyo hasalimiwi tena na mtu yeyote maisha yake yote. Desturi hii hawakuifuta watawala wa masharubu, wala wale wa kunyoa. Basi Bibi Zarmina hakuuliza neno. Alimega mkate wa moto akampa, na Shirindil akatafuna, akameza. Ndipo bibi akauliza, "Haya, mwanangu, ni nani anayekufukuza?"

"Mwanao, Bibi."

Bibi Zarmina akautazama mkate uliobaki. "Ungesema kabla hujatafuna."

"Ningesema, nisingetafuna."

Jua lilipokuwa likichwa, Amiri alirudi nyumbani na Torak na askari wake, na mama yake akamkuta mlangoni, akamwambia, "Mwanangu, tuna mgeni. Ameshika pindo la shela yangu na amekula mkate wangu. Kuna mtu mwovu anataka kumuua."

Amiri alikuwa na njaa, tena alipenda sana kuonekana na askari wake kuwa ni bwana wa desturi. Akaweka mkono kifuani, akasema kwa sauti kubwa, "Naapa kwa kaburi la baba yangu, mtu huyo hatauvuka mlango huu. Na akithubutu, nitamvunja miguu kwa mikono yangu mwenyewe. Ni nani mpumbavu huyo?"

"Ni wewe," akasema mama yake.

Shirindil akachungulia nyuma ya bibi, akainamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Ahsante, bwana mwenyeji. Nilikuwa na hofu kubwa, lakini kwa kiapo hicho sasa nitalala."

Basi Amiri akawa hajui la kufanya. Hukumu aliitoa barazani mbele ya watu, na kiapo alikitoa mlangoni mbele ya askari, na vyote viwili vilitoka katika kinywa kimoja siku moja. Akifuta hukumu, watasema Amiri anacheza. Akivunja kiapo, hata mbuzi hawatamjali. Akaona afadhali atimize vyote. Akamwamuru Torak auzingire mji wote na jumba lenyewe, ili mpiga pamba akitoka akatwe kichwa. Kisha akamwamuru Torak huyohuyo aweke walinzi ndani, ili mtu asiingie kumdhuru mgeni. Torak akauliza, kwa heshima zote, endapo walio nje wataamriwa kuingia, yeye awaongoze au awazuie. Amiri akamjibu afanye vyote viwili kwa bidii.

Yakawa mambo ya ajabu. Walio nje walishinda kwenye baridi, na walio ndani walikula wali wa zabibu kavu wa Bibi Zarmina, hata walio nje wakawa wanatoroka mmojammoja kwenda kulinda ndani. Amiri mwenyewe kila akirejea nyumbani alisimamishwa na walinzi wake, akapekuliwa mifuko, na wakati mmoja mama yake alimnyang'anya kisu cha kumenyea tufaha. Tena, kwa kuwa si haki adui alale chini ya dari moja na mgeni anayemwinda, usiku Bibi Zarmina alimtoa mwanawe akalale zizini, na kwa kuwa si haki mwenyeji alale na njaa, alimpelekea sinia.

Shirindil alikuwa anacheka pamoja na walinzi, lakini kila asubuhi alipanda darini kutazama kilele cha mlima, na moyo wake ulikuwa mzito, kwa sababu mawingu yalikuwa yakishuka.

Hata siku moja Amiri akaingia amejaa majani makavu ndevuni, akaketi, akauliza lile ambalo desturi inamlazimu mwenyeji kuuliza. "Mgeni wangu, umepungukiwa nini?"

"Bwana mwenyeji, nyumbani kwako sikupungukiwa kitu. Ila mke wangu na wanangu wako ng'ambo ya mpaka, katika hema bovu, nao wanamwogopa mtu yuleyule ninayemwogopa mimi. Hifadhi uliyonipa mimi, nawaombea na wao. Nawe umeapa kwa kaburi la baba yako."

Amiri akamgeukia mama yake, na mama yake akaendelea kuchambua mchele. Basi ikabidi atume Torak na farasi na nyumbu na bendera, awalete jamaa za Shirindil salama, awapitishe mbele ya askari wa mpakani waliowekwa kuwanyonga.

Torak alipofika kwenye mahema akauliza nani ni jamaa za Shirindil mpiga pamba. Mahgul akasimama. Jirani yake akauliza kuna nini, akaambiwa, akasimama naye. Na muda si muda mahema yote yakasimama, wazee, vilema, wajane na vinyozi, na kila aliyeulizwa alisema yeye ni binamu. Torak alikuwa mtu wa amri, naye aliamriwa kuwaleta jamaa, akawaleta.

Walijaa katika jumba la Amiri hadi ghalani. Wakala unga, wakala zabibu, wakaanika nguo kwenye mizinga. Watoto walicheza mchezo ambao mmoja anakuwa Amiri na wengine wanalindwa naye. Amiri akakosa nafasi hata zizini, na mwisho akatoka akasimama ngazini, sauti imemkauka, akasema, "Ndugu zangu, nawasihi, nendeni kwenu. Rudini majumbani mwenu."

Shirindil akajibu kwa upole, "Majumba yetu yana askari wako, bwana mwenyeji."

Siku hiyohiyo askari wakatolewa katika kila nyumba, wakaja kulala uani kwa Amiri, na watu wakaenda kwao. Akabaki Shirindil na mkewe na wanawe, wamekaa penye mlango wa jikoni.

"Wewe unangoja nini?" akauliza Amiri.

"Naogopa nikitoka, yule adui yangu atanikata kichwa."

Amiri akajishika kilemba, akashusha pumzi. "Unataka nimfanyeje mtu huyo?"

Shirindil akafikiri. "Msamehe, bwana mwenyeji. Amehangaika sana."

Bibi Zarmina ndiye aliyeanza kucheka, kisha Torak, na Amiri akajaribu kukunja uso, akashindwa, akacheka mpaka kilemba kikafumuka na kumwangukia mabegani. Akafuta hukumu hapohapo, na ile amri ya kuwanyonga wanaorudi akaifuta pia, kwa sababu alikuwa hajabakiwa na wa kumnyonga isipokuwa wageni wake mwenyewe.

Basi Shirindil akambeba Nazo mgongoni, wakaenda kwao, theluji ya kwanza ikiwaangukia. Mlango ulikuwa haupo, askari waliuchoma wakaota moto. Mahgul akaingia, akatazama masizi ukutani na mifupa ya kuku sakafuni, akaweka mzigo chini.

"Baba Nazo," akasema, "nilikuachia nyumba uilinde."

"Nilibakiwa na kuni, Mama Nazo. Kuni zote zipo."

Mahgul akataka kumkaripia, badala yake akalia. Kisha akafunga shela kiunoni, akachukua ufagio, akamwambia ampishe. Hekaya yangu imefika hapo mlangoni, nami siingii ndani, kwa kuwa ni nyumba ya watu, hata kama mlango wenyewe haupo.