Mbeleko za Soko la Magofuni

Soko hupimwa kwa mbeleko. Mmeisikia methali hii leo kwenye mkutano wa vibanda vyenu vipya mkacheka, eti wazee wana maneno! Haya, chekeni mkimaliza mnisikilize, maana chanzo chake ni hiki.

Soko letu hili la Magofuni liliwahi kuungua lote. Wakati huo mimi sijaota hata jino. Wachuuzi wakakubaliana kulijenga upya. Pembeni palikuwa na uwanja wa magugu, na Mzee Kilindo, muuza chumvi, akatoa shauri: soko lirudi kwa kipimo chake cha zamani, na uwanja ugawanywe viwanja vya nyumba zao wenyewe. Nani angekataa? Wengi walikuwa wapangaji. Hata Bi Mwanakombo, mkuu wa soko, alikaa chumba cha uani kinachovuja, na kiwanja chake kilikwisha chaguliwa, kule kisimani.

Desturi ilikuwa kila muuzaji asimame mahali pake, kamba ya kupimia ipitishwe kuwazunguka. Siku ikafika, wakasimama, kamba ikapita.

“Tumeenea,” akasema Mzee Kilindo. “Pigilieni vigingi.”

Bi Mwanakombo alikuwa akiwatazama kina mama. Karibu kila mmoja alikuwa na mtoto mgongoni.

“Ngojeni kwanza. Na hawa je?”

“Hawa nani?”

“Hawa waliobebwa.”

Mzee Kilindo alicheka hadi akashika kiuno. “Lahaula! Hao wanauza nini, bibi? Mikojo?”

“Leo mikojo. Kesho wakiwa na nyanya zao, watazipanga wapi? Juu ya paa lako?”

Hapo wakacheka wengine.

“Kina mama, fungueni mbeleko,” akasema Bi Mwanakombo. “Kila mmoja atandike yake, mahali pa mwanawe.”

Walisitasita, kisha wakatandika. Nguo za maua, nguo za viraka, zikafuatana juu ya magugu mpaka kisimani. Mama aliyechelewa hakupata pengine ila kwenye kiwanja cha Bi Mwanakombo mwenyewe. Akaona haya, akainama kuikunja nguo yake.

“Iache, mwanangu,” Bi Mwanakombo akamwambia. “Vigingi vipigwe nje ya nguo hiyo.”

Mzee Kilindo alinuna mwaka mzima. Lakini mji ulipokua, wenzetu wa miji ya jirani walipanga bidhaa barabarani wakifukuzwa kila kukicha. Sisi hatukufukuzwa. Wajukuu wa Kilindo wana maduka humuhumu, tena makubwa! Bi Mwanakombo alifia katika chumba kilekile cha uani. Wallahi, sijaona mtu kama yule.

Mnaniuliza nimeyajuaje? Mama yule aliyechelewa ndiye aliyenizaa. Meza hii ya samli mnayoiegemea imesimama pale ilipotandikwa mbeleko yangu.

Basi nendeni mkajenge hivyo vibanda vyenu, ila kabla ya kupiga vigingi, geukeni mtazame migongo ya wake zenu. Soko hupimwa kwa mbeleko.