Nguzo Iliyopewa Amani

Mama mmoja alikuwa na wana wawili na nguzo moja. Wana ni Hiza na Mhina. Nguzo ilikuwa ya kanisa.

Kanisa lenyewe walilijenga Waingereza zama za malkia wao Viktoria: madirisha membamba yenye ncha juu, na paa lililosimama wima kwa kuogopa theluji, ambayo huku kwetu kwenye michungwa bado tunaisubiri. Ndani kuna nguzo za mawe, nene kiasi kwamba aliyeketi nyuma yake humsikia padre bila kumwona. Wapo wanaozipendea hilo.

Hiza na Mhina walikosana kwa ajili ya fenesi. Mti uliota kwa mmoja, tunda likaangukia kwa mwenzake, na walipokuwa wakibishana ngedere wakalila. Tangu hapo hawakuamkiana. Kanisani kila mmoja alikaa upande wake wa nguzo. Padre aliposema tupeane amani, Hiza aliipapasa nguzo huku, Mhina akaipapasa kule. Walilitakia jiwe amani, na jiwe, kwa kuwa limelelewa vizuri, halikuwajibu neno.

Miaka ikapita, jiwe likang'aa pande zote mbili. Wageni wakaja kulipiga picha. Mzee wa kanisa, ambaye hapendi kusema sijui, akawaambia kwamba lilisuguliwa na mikono ya watakatifu. Basi, Jumapili iliyofuata, amani ilipotangazwa, kanisa zima likapanga foleni kwenye nguzo. Watu walikanyagana ili wakalitakie jiwe amani, na aliyekanyagwa hakuombwa radhi.

Mama yao, Bi Yusta, alibaki kwenye benchi, mkono ameunyoosha. Hakuna aliyeushika. Alikuwa amezeeka sana, na jambo moja tu lilimnyima usingizi: siku akifa, wanawe watalibebaje jeneza moja, nao hawapiti njia moja? Moyo ulimuuma, na aibu aliiona. Akainuka, akaipenya foleni kwa mkongojo wake, kisha akautupa mkongojo na kuikumbatia nguzo. Mikono haikufika hata nusu.

"Wanangu, mikono yangu imeishia hapa," akasema. "Malizieni."

Nani atamkatalia mama yake mbele ya kanisa zima? Hiza akaushika mkono mmoja, Mhina akaushika wa pili, wakajinyoosha kuizunguka nguzo, mashavu yamebanwa kwenye jiwe, mpaka upande wa nyuma vidole vyao vikagusana. Vikashikana. Hapo Mhina akakiri kwamba fenesi lenyewe lilikuwa bichi. Hiza akacheka, halafu akalia, na mama yao akawaambia wasimwachie kwanza, maana mkongojo uko mbali.

Jiwe lile bado linang'aa, na foleni, nasikitika kusema, bado ipo. Sasa nikuulize wewe unayewahi mbele kila Jumapili: ni mkono wa nani unaoukimbia?