Kwa Nini Mkunga wa Kinamasi Hana Mapezi

Hapo kale, kabla kinamasi hakijazoea kukauka, Mkunga alikuwa samaki kama samaki wengine. Mwili wake ulikuwa mrefu kama wa nyoka, hilo kweli, lakini alikuwa na mapezi mapana mekundu, na alivuta pumzi humo humo majini kama jirani yake Perege. Kutoa pua nje ya maji ilikuwa aibu. Bibi Kamongo, samaki mwenye mapafu, peke yake ndiye aliyefanya hivyo, na alisemwa mpaka wasemaji wakachoka.

Desturi ya pale ilikuwa moja: mama hutaga, baba hulinda. Mama akishamaliza huenda zake kupumzika kwenye matete, na baba hubaki kiotani, hali vizuri, halali vizuri, mpaka watoto waweze kuogelea. Kwa hiyo Mkunga alipotaga mayai yake ya kwanza, naye bado binti mdogo, alimwachia mumewe akaondoka bila wasiwasi.

Mwaka huo mvua zikagoma. Maji yakapungua, samaki wakaanza kuhamia mtoni kupitia mfereji mwembamba. Mkunga akapita kuangalia kiota, akakuta mayai yapo, mume hayupo. Perege, baada ya kuzungukazunguka sana, akamwambia kwamba shemeji alionekana mferejini asubuhi, ana haraka, eti anakwenda kutazama njia.

Mkunga aliogopa, aliogopa vibaya, maana mayai hayabebeki, na mfereji unaziba, na akiondoka atapona yeye peke yake, na akibaki hajui hata pa kuanzia, kwani kulinda hakufundishwa, ile ilikuwa kazi ya wanaume. Perege akamwita mara ya mwisho, akamwambia wewe bado mdogo, utazaa wengine. Mkunga akageuka kuyatazama mayai. Perege akaenda.

Ndipo alipomkimbilia Bibi Kamongo, ambaye alikuwa keshaanza kujichimbia topeni.

"Bibi, nifanyeje?"

"Kwanza kavute pumzi huko juu, mjukuu wangu. Huwezi kufikiri huku unakabwa."

Mkunga akatoa pua nje. Hewa ikamchoma koo, akakohoa, akarudia, na kichwa kikatulia. Akagundua kwamba akiitema ile hewa polepole pamoja na ute wa kinywani, inakuwa povu, na povu lile halipasuki. Akarudi kiotani, akayaokota mayai kwa mdomo, moja moja, akayapachika kwenye povu. Kisha akachimba. Alichimba kwa kichwa, kwa kifua, kwa mapezi, na tope lilivyozidi kukauka likayala mapezi yake mpaka yakaisha, naye hakuona yalipoisha. Akalivutia povu shimoni, akajipaka ute mwili mzima asikauke, akajizungusha kulizunguka. Kila alipohisi yai linakauka alilitemea povu jipya.

Alikaa hivyo hata siku zikampotea. Halafu akasikia tope la juu linagongwa, tone moja, mengine, kisha maji yakateremka shimoni. Aliogopa kutazama. Alipotazama, povu lilikuwa linacheza, limejaa vitu vyembamba kama uzi, vinapinda na kunyooka. Akawahesabu watoto wake, akakosea, akaanza upya. Hakuna aliyepungua. Akacheka, akalia, akalala pale pale mlangoni usingizi mzito.

Maji yalipojaa, mume akarudi, kanenepa, mapezi yanang'aa, akaomba kwa adabu apishwe mlangoni ashike zamu yake. Mkunga alimtazama na hasira hakuiona hata alipoitafuta. Watoto walikuwa hai, basi.

"Hapa yupo baba tayari," akamwambia. "Ni mimi."

Bibi Kamongo akacheka mpaka maji yakatibuka, na hapakuwa na aliyebisha.

Na tangu siku hiyo mkunga wa kinamasi hana mapezi, mwili wake unateleza kwa ute, huingia topeni maji yakikauka, na huinua pua juu kuvuta hewa bila kumwonea haya mtu. Na tangu siku hiyo mkunga huanza maisha akiwa jike, hutaga, kisha akikomaa hugeuka dume na kulinda kiota cha povu. Hakimbii, hata maji yapungue namna gani, kwa sababu kila baba katika ukoo ule alikuwa mama kwanza.