Maneno Matatu ya Zimwi

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na neno.
Refu?
Fupi!
Nani kalimeza?
Zimwi!

"Pima tatu, shoga. Kata!" alisema Kidawa.

"Sikati! Maneno gani hayo? Umeyazua jikoni kwako!" alisema Mashavu.

"Nso ni figo. Kozi ni ndege mfano wa mwewe. Ngwe ni kipande cha shamba anachopimiwa mtu alime. Kamuulize bibi yako. Kata!"

Wanawake wakacheka. Huo ndio uliokuwa mchezo wao wakisuka ukili wa mikeka barazani kwa Mashavu: mmoja hutupa neno fupi la kale, mwenziwe hutaja maana. Asiyejua hukata pima moja ya ukili wake, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, akampa aliyemshinda.

Mashavu akakata. Ukili haukumuuma. Kilichomuuma ni kule kuitwa: Kidawa kaa hapa, Kidawa tuambie, Kidawa usiondoke. Yeye nani alimwita? Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi siku moja akaenda pangoni kwa zimwi. Zimwi hilo lilimeza maneno ya wazee wanaokufa, na tumbo lake lilinong'ona mchana kutwa.

"Nipe neno asilolijua Kidawa."

"Nitakupa," zimwi likasema, "nami nitachukua moja lako. Nachagua mwenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia. Lete!"

Zimwi likacheua. "Uo. Ni ala ya kisu." Kisha likamlamba ulimi, likachukua "asante."

Mashavu akashinda pima moja. Jioni jirani akamletea bakuli la mchuzi. Mashavu akafungua kinywa, hakikutoka kitu. "Lo! Ana kiburi huyu," jirani akasema, akaenda zake.

Akarudi pangoni. "Nipe neno asilolijua Kidawa."

"Ngeu. Ni udongo mwekundu wa seremala wa kupigia mstari." Likamlamba, likachukua "karibu."

Akashinda pima ya pili. Wageni wakaja, wakapiga hodi, hodi, hodi. Hawakukaribishwa, wakarudi.

Akarudi tena. "Nipe neno asilolijua Kidawa."

"Dia. Ni malipo ya kumridhisha uliyemdhuru." Likamlamba, likachukua "nisamehe."

Pima ya tatu, ya ukili mwekundu! Mashavu akatazama nani anamshangilia. Hakuna.

"Maneno haya umeyatoa wapi, shoga?" Kidawa akauliza.

"Kwa zimwi! Una la kusema?"

"Ninalo. Hukunishinda wewe, limenishinda zimwi. Umenidhulumu."

Kesho yake wanawake wakahamia kwa Kidawa. Mashavu akasikia vicheko ng'ambo ya ua. Siku ya kwanza akasema, "Sijali." Siku ya pili akasema, "Sijali." Siku ya tatu akalia.

Akakimbilia pangoni. "Nirudishie maneno yangu!"

"Nilikwambia nitachukua," zimwi likasema, "ukasema lete. Nimekudanganya wapi?"

Mashavu akatoka pangoni. Akarudi, akabeba ukili alioushinda kwa Kidawa, akaenda mlangoni kwa Kidawa. Alitaka kuomba radhi, ulimi ukakwama. Akauweka ukili chini, akasema neno alilobaki nalo:

"Dia."

Kidawa akamtazama, uso ukalainika. Akanyoosha mikono, akapima. Mara moja. Mara mbili. Ya tatu haikuwapo. Mashavu alikuwa ameibakisha chini ya kitanda, ile nyekundu, kwa kuwa ilisukwa vizuri kuliko yoyote aliyopata kuisuka yeye.

Basi hadithi yangu imefika mlangoni kwa Kidawa, na ndani haiingii. Wivu hukupa neno la kushinda watu, ukakunyang'anya la kuishi nao. Na ukimdhulumu mtu, mrudishie chake chote, usimpunje.

Kidawa akaukunja ukili.

"Imebaki moja. Ilete."