Mashavu na Kinu Kitupu

Paukwa!

Pakawa!

Nasema paukwa! Nyie mliokaa karibu na mlango, mmemeza ndimi?

Pakawaaa!

Haya. Kale, kale kweli, kabla nyanya yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji. Humo aliishi kikongwe, Bibi Mwamvua. Watu walimsema kuwa ni mdaku. Akipita uani kwako, anasimama. Anasikiliza. Anakwenda zake bila neno. Na kweli, mdaku alikuwa. Lakini ngojeni.

Jirani yake alikuwa Mashavu. Mume wa Mashavu alikwenda msituni kurina asali, mwezi ukaandama, ukafa, hakurudi. Mama mkwe alilala kitandani, hageuki mpaka ageuzwe. Mtama umeiva, na ndege wameuona. Mtoto wake, Sikudhani, ndiyo kwanza anasimama kwa kushikilia vitu.

Alfajiri Mashavu yuko shambani, juu ya jukwaa la dungu, anaamia ndege: "Hooo! Swaaa!" Jua likipanda, yuko kisimani. Likishuka, yuko kinuni. Na usiku wote ni wa mgonjwa.

Sasa sikieni desturi ya kijiji kile: mke wa kuolewa haombi mkono wa msaada. Akiomba, watasema kwao hakufunzwa. Basi ukimwamkia Mashavu, "U hali gani?" anajibu, "Njema." "Za nyumbani?" "Njema." "Mgonjwa je?" "Njema tu." Na meno yote nje! Watu wakamsifu: "Mwanamke yule chuma!" Na chuma, wanangu, nani hukiuliza kama kimechoka?

Bibi Mwamvua hakusifu. Alisikiliza. Mwanzo mchi wa Mashavu ulisema: twi... twi... twi. Kisha: twi! twi! twi! Kisha: twi-twi-twi-twi! Mashavu akawa anajaza mtungi, anausahau kisimani. Anakoka moto, haweki chungu. Mtoto akilia hasikii, akinyamaza anashtuka. Usingizi ukamhama. Tonge likamkaa kooni.

"Mwanangu, una nini?" Bibi akamwuliza.

"Sina kitu, bibi. Njema."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jioni moja Bibi yuko kwake anachambua mboga, akasikia: ko! ko! ko! Si twi. Ko! Mchi unapiga kinu kitupu.

Akanyanyuka, akafika mlango wa ugo, ule uzio wa Mashavu, akachungulia uani. Mashavu anatwanga. Unga ameshautoa, umo kwenye ungo, naye anatwanga! Macho yanatazama ukuta. Na upande wa pili wa kinu, Sikudhani amesimama. Mkono mmoja umeshika ukingo. Wa pili unaingia ndani, unatafuta unga.

Mchi juu. Ko! Mkono umetoka. Mchi juu. Ko! Mkono unarudi tena.

Bibi afanyeje? Nani kasema apige kelele? Wewe? Ungeua! Mama angeshtuka, mchi ungeshuka. Akimbie? Kwa magoti yale?

Pale ugoni uliegemezwa mchi wa mama mkwe, hauna wa kuushika. Na wanawake wa kule tangu usichana walitwanga wawili wawili, kinu kimoja. Wako ukipanda, wa mwenzio unashuka. Mkono ukisikia mchi wa mwenzio, unangoja wenyewe, hata akili ikiwa safarini.

Bibi akautwaa mchi ule. Akapiga chini: twi!

Mashavu, ko! Bibi, twi! Hatua moja mbele. Ko! Twi! Mikono ya Mashavu ikaanza kungoja. Ko... twi... ko... twi... Bibi anasogea. Mkono wa mtoto ndani. Mchi wa Mashavu juu, unangoja zamu yake. Bibi hakupiga. Akaudaka mchi ule huko huko juu.



Mashavu akageuka. Akatazama kinu. Akaona vidole vya mwanawe ndani. Akamtazama Bibi.

"Nje... njema, bibi."

"Sikukuamkia," akasema Bibi Mwamvua.

Hapo Mashavu akaketi chini, akalia kwa sauti. "Nimechoka, bibi. Sijui kama mume wangu yu hai. Nikifumba macho naona ndege. Naogopa hata kumbeba mwanangu."

Bibi hakumwambia avumilie. Alimpakata mtoto, akamwacha mama alie mpaka akatosheka.

Asubuhi akawaita wanawake. "Mliosifu chuma, njooni." Akawaeleza yote. Mmoja akang'aka: "Mbona hakusema?" Bibi akamjibu, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ungebeba wewe, ungeuliza mapema."

Wakaona haya. Huyu akachukua dungu. Yule akachukua kisima. Jioni Bibi mwenyewe alishika mchi wa pili, akatwanga na Mashavu polepole, wakizungumza. Hofu ya mume haikwisha, ila sasa ilisemwa, na Mashavu akalala usingizi.

Lakini siku ile ya kwanza, walipoingia kumwogesha mgonjwa, mama mkwe alikuwa analia. "Kinu kitupu nilikuwa nakisikia," akasema. "Kila jioni, ko moja, mbili, za mwisho. Nikanyamaza, nikidhani namstahi."

Basi, wanangu, anayelia husikika hata na asiyetaka. Wa kwenda kwake ni yule asemaye njema, na mchi wake unakwenda mbio. Usimsifu. Shika mchi wa pili.

Hadithi yangu imefika ukomo, nami natua mzigo hapa.